Mwimbaji Hakuja

Rumonge, 9 Februari 2002

Kaka Jamali,

Na hapana, mwimbaji hakuja mpaka mwisho. Nilitaka kukueleza kwenye ile barua fupi, lakini dereva aliyekuwa aichukue alikuwa akipiga honi barabarani nikaishia katikati, kwa hiyo naendelea hapa nilipoachia.

Kwanza salamu. Baba mzima, bado anagonga bati lake toka asubuhi, na goti la kushoto linalalamika kuliko yeye mwenyewe. Shangazi Fatuma anauliza kama Wabelgiji wanakupa chakula cha kushiba. Ndagala zimeadimika ziwani mwezi huu, mawese yako tele. Upande wa milima ya Bugarama kulikuwa na milio ya bunduki siku mbili, kisha pakatulia. Na mimi nimeolewa, Kaka. Naandika neno hilo na mkono unacheka.

Anaitwa Heri. Ni mtoto wa Uvira aliyevuka kuja huku na spika mbili, jenereta moja na shati la kubadili. Ni fundi wa sono, vyombo vya muziki. Akisikia mota ya boti ziwani anakwambia ni ya nani na ina ugonjwa gani. Ana kovu dogo juu ya nyusi, na akifikiri analigusa kwa kidole, na mimi nikimwona analigusa naacha nilichokuwa nafanya. Shuleni tulifundishwa kwamba moyo ni msuli wa kusukuma damu. Mwalimu yule hajapata kumwona Heri akikunja nyaya.

Sasa arusi. Kaseti yako ilifika siku mbili kabla, ndani ya soksi ya mgeni. Ulikuwa umeandika juu yake "Kwa mwali", nikasema hiyo ndiyo itakayopigwa baada ya wali. Tulianza mchana wa saa nane, maana saa kumi na mbili amri ya kutotoka nje inaanza na kila mtu lazima awe kwake. Heri akaiweka. Dum, dum, dum, dum. Wanawake wakakaa wima mikekani, mitandio mkononi, tayari kuipunga mwimbaji atakapoingia. Unajua mambo yetu: wimbo kwanza, sebene ya kucheza baadaye. Nani atasimama kucheza kabla hajaimbiwa?

"Huo ni utangulizi tu," Shangazi akawaambia.

Wakasubiri. Bibi Asiya, jirani yetu muuza vitambaa, akalala akaamka, akauliza kama amefika. Akaambiwa bado, yuko njiani. Upande mzima wa kaseti ukaisha, ta, na Shangazi, mwanamke aliyeoza wapwa wote wa ukoo huu, akasema bila wasiwasi kwamba mwimbaji yuko upande wa pili. Heri akageuza. Huko nako hakuwepo. Saa kumi na moja wageni wakaondoka kwa adabu, hakuna aliyeinuka kucheza. Lakini mimi nilikuwa chini ya ushungi wa mwali, naona miguu tu, na nakuapia, Kaka, vidole vya miguu kwenye mikeka yote vilikuwa vinacheza.

Sasa lile hasa lililonifanya nichukue kalamu. Unakumbuka desturi ya gutwikurura, ndugu wa mwali kuja kumfunua, ndipo anapoweza kuwasha jiko lake na kutoka hadharani. Kwa kawaida ni wiki moja au mbili. Shangazi alipomuuliza Baba siku, Baba alijibu bila kuinua macho kwenye bati: "Mwali wangu atafunuliwa na kaka yake." Akaendelea kugonga. Miaka kumi na tatu hajataja jina lako, na hata siku hiyo hakulitaja, lakini kaka mwingine sina.

Kwa hiyo niko ndani. Heri ndiye anayepika. Majirani wanacheka, yeye anasonga ugali huku akipiga mluzi. Nimekula ndagala zilizoungua siku tano mfululizo na sijawahi kula kitu kitamu hivyo.

Tuandikie muziki huo ni wa namna gani, Heri anataka kujua kila kitu. Na utuambie unakuja lini.

Mdogo wako mwenye furaha,
Aliya

*

Gent, 21 Machi 2002

Mdogo wangu Aliya, sasa Bibi Heri,

Hongera, na uniwie radhi kwa kuchelewa. Afya yangu nzuri. Mvua inanyesha hapa kwa namna isiyo na haraka, kama mtu asiyekuwa na pa kwenda. Msalimie Shangazi, mwambie chakula kipo ila hakina pilipili. Mpe mkono shemeji yangu. Mwanaume anayesonga ugali kwa mluzi, usimwachie.

Nimesoma habari ya mwimbaji ndani ya tramu na nikacheka mpaka mama mmoja akahama kiti. Lakini Shangazi hakukosea. Muziki huu kweli ni sebene iliyopoteza wimbo wake. Mwambie shemeji ulivyozaliwa. Wajapani walitengeneza mashine ndogo za kumpigia ngoma na besi mpiga gitaa asiye na rafiki. Hazikuuzika, maana sauti yake haikufanana na ngoma wala besi yoyote duniani. Zikaishia maduka ya mitumba. Huko Marekani, Chicago na Detroit, vijana weusi wasiokuwa na pesa ya bendi wakaziokota, wakazungusha vifundo mpaka pale kitabu cha maelekezo kinaposema usifike. Ndiyo hivyo tu. Wazungu wa hapa waliupokea baadaye, na leo wengi wao wanadhani waliuzaa wao.

Mimi niliukuta mwaka themanini na tisa, nikiwa bado mwanafunzi wa uhandisi wa maji, kama Baba alivyotaka. Hapakuwa na tangazo. Ulipewa namba ya simu, sauti ikakwambia usubiri kwenye kituo fulani cha petroli, na kutoka hapo magari yalifuatana mpaka kwenye kiwanda cha pamba kilichokufa. Ndani moshi na taa moja. Dijei alikuwa kwenye pembe, nyuma ya meza, karibu na choo, hakuna aliyejua jina lake wala aliyelitaka. Watu walicheza wakitazamana. Fundi bomba, karani wa benki, Mturuki, mimi. Mtu nisiyemjua alinipa chupa yake ya maji, akaniuliza kama nina furaha, akasubiri jibu.

Na unajua nilisikia nini mlangoni? Karakana ya Baba. Bati, nyundo, bati, nyundo. Nilipoacha masomo kwa ajili ya muziki na Baba akaandika kwamba ngoma isiyosema kitu ni bati linalogongwa, na bati anagonga yeye, nilitaka kumjibu kwamba ndiyo, hasa. Sikumjibu.

Naweka kaseti mbili humu. Ya kijani ni ya zamani, ndiyo nzuri.

Kuhusu kuja, majira haya kazi ni nyingi. Tutaona.

Kaka yako,
Jamali

*

Rumonge, 5 Mei 2002

Kaka mpenzi,

Amahoro, amani kutoka kwa wote. Goti la Baba limehamia kulia. Bibi Asiya amepata mjukuu. Vestine, yule wa nyumba ya pili anayechemsha sabuni ya mawese, amekuwa rafiki yangu mkubwa kwa sababu ndiye anayeniletea dunia mlangoni. Nilimwomba apite makaburini, majani kwenye kaburi la Mama yamekatwa vizuri, na amepanda maua. Heri mzima, mzuri, anaimba akioga. Juzi alinitengenezea taa kutoka kwenye spika iliyokufa, nikalia, akadhani haijanipendeza.

Sasa kaa chini, maana kaseti ya kijani imefanya mambo.

Nyumba yetu imeegemea hanga, ghala la zamani la mawese, njia ya kwenda Kizuka. Mwenyewe alikimbilia Kigoma, akamwachia Heri ufunguo. Heri akasema Jumapili mchana, saa nane mpaka saa kumi na moja, watu wacheze humo. Tatizo ni kibali. Mkusanyiko wowote unataka kibali cha komini, serikali yetu ya mtaa, na komini inataka orodha ya nyimbo na maneno yake, isije ikawa kuna wimbo wa kumtukana mtu au kumwita mtu msituni kwa waasi. Heri akaenda na kaseti. Bwana wa komini akaomba maneno. Heri akasema hayapo. Bwana akaisikiliza pale ofisini kwa redio yake, robo saa nzima, kalamu mkononi, karatasi nyeupe kama ilivyokuja. Mwishowe akasema: "Kama hakuna maneno, hakuna cha kuzuia." Akagonga muhuri.

Jumapili ya kwanza walikuja watu thelathini wakakaa ukutani, wakisubiri. Unajua walikuwa wanasubiri nani. Ndipo Vestine akasimama, akafunga kitenge vizuri. "Mimi nikimngoja huyu mwimbaji nitazeeka," akasema, akaingia katikati peke yake. Basi. Jumapili iliyofuata walikuwa mia moja.

Sakafu imekunywa mawese miaka ishirini, inateleza kama samaki, kwa hiyo Heri amemwaga pumba za mchele na wote wanacheza miguu mitupu. Yeye anakaa nyuma ya mapipa, haonekani. Wanatazamana wao kwa wao, kama ulivyoandika. Na wanaokuja, Kaka, ni watu ambao sokoni hawasalimiani. Vestine amenieleza sababu, na tangu hapo naifikiria nikichambua mchele, kazi pekee ninayoruhusiwa. Anasema wimbo wowote sasa hivi una upande. Ukiweka wa Kirundi, mtu anauliza umeimbwa na nani, wa kilima gani. Ukiweka wa Kongo, mwingine anakunja uso. Kaseti yako haina kwao. Hakuna anayeweza kusema ni ya wale.

Kaporali mmoja wa jeshi alikuja kukagua kibali. Heri akampa kiti. Akakaa kwa uso wa kazi, lakini buti lake, anasema Vestine, lilikuwa limeshakubali zamani.

Mimi nayaona haya kwa tundu la msumari kwenye bati. Naona mgongo mmoja, mkono mmoja, nusu ya kicheko. Heri anajua niko pale, na kila Jumapili anageuza spika moja inielekee mimi, yaani ukutani. Watu wanadhani anakosea. Nacheza peke yangu na ushungi kichwani, na mchele unanisubiri.

Baba anapita kila jioni kwa baiskeli, anasimama nje, anauliza kama kuna barua. Nikimwambia ipo anasema "haya" na kuondoka. Hajaomba kuisoma. Lakini anauliza.

Hukunijibu kuhusu kuja. Uliandika tutaona. Mimi kwa tundu la msumari sioni sana, kwa hiyo nisaidie.

Aliya wako

*

Gent, 30 Juni 2002

Aliya, mdogo wangu,

Barua yako nimekaa nayo muda mrefu, usihesabu majuma. Mimi mzima. Nimeota mvi ndevuni, zinanipendeza. Mpe hongera Bibi Asiya. Mwambie Vestine kwamba amefanya jambo ambalo watu hapa wameandikia vitabu.

Ulitaka kujua muziki huu umekuwaje. Utaona mwenyewe kwa nini sikuwa na haraka.

Mwanzoni ulikuwa polepole kidogo kuliko moyo wa mtu anayekimbia. Kisha kila mwaka ukaongezwa kasi, na watu wakaongeza vidonge ili waufikie, na wengine hawakurudi vizuri. Magazeti yakaja, polisi wakaja. Waingereza walitunga sheria kabisa, ndani yake imeandikwa muziki wenye mapigo yanayojirudia. Mwambie Baba. Huko angekamatwa kabla ya chai ya saa nne.

Walipoufukuza kwenye viwanda vilivyokufa, wenye kumbi waliupokea. Pakawa na tiketi, mlinzi mwenye orodha, majina ya bia ukutani. Muziki wenyewe ukagawanyika kama ukoo baada ya mazishi. Ukawa na majina ishirini, na wa jina hili hawaingii kwa wa jina lile. Halafu wakamtoa dijei pembeni wakampandisha jukwaani, juu, na taa, kama gavana siku ya uhuru. Siku hiyo ndiyo iliyobadilisha kila kitu, wala haikuwa mashine. Watu walipoanza kumtazama yeye waliacha kutazamana. Nilikuwa mimi huyo juu, Aliya. Nilipenda. Unaona vichwa elfu tatu vimekuelekea na hakuna hata kimoja kinachojua kama jirani yake ana furaha.

Sasa ni viwanja vyenye uzio, watu elfu thelathini, na vijana wanaokuja na kompyuta bila santuri hata moja. Siwalaumu. Baadhi yao ni wazuri kuliko nilivyokuwa. Mwaka wa tatu huu mimi sipigi tena. Natandaza nyaya zao na kuzikusanya. Mfuko wangu wa santuri uko chini ya kitanda na sipendi kuufungua, kwa sababu nyingine isiyohusu muziki.

Nilidhani kile kitu cha kiwandani kimekufa. Leo unaniandikia kwamba kiko njia ya Kizuka, kwenye pumba za mchele, saa nane mchana, kwa sababu ya amri ya kutotoka nje. Nimesoma ukurasa ule mpaka karatasi imelegea.

Nitakuja. Sisemi siku.

Jamali

*

Rumonge, 14 Agosti 2002
Kwa mkono wa Bibi Asiya, anayekuja Buyenzi kununua vitambaa

Kaka Jamali,

Salamu za nyumbani ni nzuri na sitazirefusha, maana hazijasafiri mbali.

Mama mdogo Mariyamu alimwambia Bibi Asiya, na Bibi Asiya hajapata kubeba neno bila kulifikisha, kwamba nyumbani kwake Buyenzi kuna mgeni mwenye ndevu za mvi, amelala hapo wiki ya tatu sasa, anakula samaki kwa pilipili nyingi sana, na ana mfuko mzito mweusi ambao haufungui.

Kaka. Uko Bujumbura. Umevuka mabahari na umesimama kwenye kilomita sabini za mwisho.

Usiniambie ni barabara. Najua barabara. Najua mashambulizi ya Julai na sikukuandikia, kama nisivyokuandikia mengi. Lakini boti za wafanyabiashara wa mawese zinakuja asubuhi na kufika kabla ya adhuhuri, na Bibi Asiya ana miaka sitini na tisa na hupanda na mafurushi yake. Kama ni hofu ya ziwa, sema. Kama ni Baba, sema. Kama una mke Mbelgiji uliyemficha, mlete, Heri atampikia.

Mwezi wa saba huu niko ndani. Heri anasema fungate yetu itatangazwa redioni. Ninampenda kuliko Januari, jambo ambalo sikudhani linawezekana, lakini Kaka, nataka kucheza na mume wangu upande ule wa ukuta alipo yeye. Ni hilo tu. Siwezi kwa sababu Baba anakungoja na hataki kusema kwamba anakungoja, na wewe unakuja na hutaki kusema kwamba hufiki. Mmenifungia katikati, wanaume wawili.

Niandikie kweli, hata kama ni mbaya. Nina ushungi, sitaonekana nikilia.

Aliya

*

Buyenzi, Bujumbura, 25 Agosti 2002

Mdogo wangu,

Mama mdogo Mariyamu hajambo, anakusalimu, na nimemwambia kwamba hajui kutunza siri. Amejibu kwamba hakuambiwa ni siri. Kweli.

Sina mke Mbelgiji. Mara mbili nimeshuka bandarini asubuhi na mfuko begani, nikasimama mpaka boti ikaondoka. Wapakuzi wa pale wamenizoea, mmoja ananiita Mwenye Chombo.

Uliomba kweli. Mwaka wa tisini na sita nilikuwa juu kabisa, kwenye lile jukwaa. Barua zilikuja nyingi, na mimi nilifungua za wenye kumbi tu, zenye mikataba. Nyingine nilizitumbukiza kwenye mfuko wa santuri nikisema nitasoma nikipumzika. Siku moja natafuta santuri, nikavuta bahasha yenye mwandiko wa Baba. Ilikuwa imekaa humo wiki tatu. Baba hakuwa ameniandikia tangu ile ya bati. Ndani aliandika kwamba Mama anaumwa, ananitaja, na kwamba kama nitapanda ndege ndani ya wiki moja nitamkuta.

Wiki tatu, Aliya. Nilikuwa napiga muziki juu ya barua hiyo kila Jumamosi.

Watu wote hudhani vita ndiyo iliyonizuia kuja kuzika. Niliwaacha wadhani. Baada ya hapo nilimwandikia Baba mara nyingi, nikiomba radhi kwa maneno ya kuzunguka, bila kutaja bahasha. Hakujibu hata mara moja, nami nikaona ni haki. Uliponiandikia kuhusu majani ya kaburi niliruka ile mistari, macho yangu yalikataa.

Sasa unataka mimi ndiye nikufunue mbele ya watu, mkono huu. Na Baba akiniuliza mlangoni, "Barua yangu uliipata lini?", nitamjibu nini? Hilo ndilo lililo kati ya bandari na boti.

Msomee Baba barua hii. Akisema nisije, sitakuja, na umwambie basi akufunue mtu mwingine, maana wewe huna kosa.

Jamali

*

Rumonge, 8 Septemba 2002

Kaka yangu,

Hatujambo wote. Ndagala zimerudi kwa wingi, mji mzima unanuka ndagala, na mimi naijua harufu hiyo kwa sababu leo nimetoka nje. Lakini ngoja niende kwa mpangilio, Heri anasema nikifurahi naandika kinyumenyume.

Nilimwita Baba. Alikuja jioni na Shangazi Fatuma, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, nikamsomea. Nilisoma yote, hata pale pa kila Jumamosi. Katikati Heri akaniletea maji. Shangazi alikuwa anafuta macho na mtandio.  Baba alisimama, akachukua baiskeli, akaondoka, nikajua nimekuharibia.

Nusu saa haikupita akarudi. Kwenye kibebeo alikuwa amefunga mkebe wa bati, mkubwa kama wa biskuti, kazi yake mwenyewe. Hauna kifuniko. Ameulehemu pande zote, Kaka, kama dumu lisilotakiwa kuvuja. Akauweka mezani, akatoa mkasi wa bati mfukoni, akaukata ubavu wote kama unavyokata papai. Zikamwagika bahasha zenye stempu za Ubelgiji. Kumi na moja. Hakuna hata moja iliyofunguliwa.

Kumbe kila ulipomwandikia alikuwa anaukata mkebe, anaitumbukiza barua, anaulehemu tena.

 Heri aligusa kovu lake. Kisha Baba akasema, kwa sauti ile ya kuulizia bei ya misumari: "Yeye hakufungua moja, mimi sikufungua kumi na moja. Sasa nani amwombe nani radhi?"

 Akanigeukia, akashika ncha ya ushungi wangu kwa vidole vyake vyeusi vya risasi ya kulehemu, akaunyanyua. Shangazi akaruka. Akasema haiwi hivyo, Hadji, hakuna vinywaji, hakuna wanawake, hakuna nyimbo, tena baba hafunui mwali, ulisema mwenyewe ni kaka yake. Baba akasema ndiyo, alisema. Alisema akidhani kijana atakuja kwa ajili ya dada yake kwa kuwa kwa ajili ya baba hawezi. "Lakini mwali hapandi boti," akasema. "Nimemfunua ili aende akamlete."

Kaka, niliona uso wa Baba bila kitambaa mbele yangu kwa mara ya kwanza tangu Januari. Amezeeka. Hapo ndipo nilipolia, na safari hii nilionekana.

Usiku ule alichukua barua zako na miwani ya Shangazi. Amefika ya nne. Anasoma moja kwa siku baada ya alasiri, nyundo chini, na karakana inanyamaza mpaka majirani wanauliza kama anaumwa. Hajatuambia zimeandikwa nini. Ila jana alimuuliza Heri kama ni kweli kwamba huo muziki wako ulimkumbusha mtu karakana, na Heri alipomwambia ndiyo, Baba akasema mtu huyo basi ana masikio, na akaagiza aambiwe Jumapili saa nane ni saa nane kweli au ni saa nane ya arusi.

Jumapili hii ndiyo leo. Nimetoka kucheza, nimekaa juu ya pipa tupu nikikuandikia, miguu yangu ina pumba na mawese. Niliwasha jiko asubuhi, nikapika wali, ukaungua, Heri akaumaliza. Kisha nikapita mlango wa mbele kama watu, mchana, mkono wangu kwenye mkono wake. Vestine alipiga vigelegele. Ile spika ya ukutani Heri ameirudisha mahali pake, ikiwaelekea watu, na wote wakashangaa jinsi hanga lilivyopata sauti. Baba alikaa karibu na kaporali. Hakucheza. Alikuwa anagonga goti lake la kulia kwa kidole, lile linalouma, na hakukosa pigo hata moja.

Kwa hiyo usishuke tena bandarini. Kaa kwa Mama mdogo, kula samaki, na huo mfuko ufungue, upate hewa. Boti ya wenye mawese inaondoka Ijumaa ya pili ijayo. Tunakuja watatu, mimi, Heri, na Shangazi Fatuma, ambaye amekwisha kununua mtandio mpya. Nilimwambia safari ni ya kumleta Jamali tu. Akasema anajua, tangu Januari amekaa mkekani akimsubiri mwimbaji, na kama hawezi kufika mwenyewe atamfuata huko huko aliko. Kabla mwezi huu haujaisha utatusikia mlangoni, na atakayebisha hodi ni mimi, bila ushungi, ili uone nilivyofanana na Mama.

Aliya